Sarufi na ngano darasani: kwa nini vyuo vinafundisha uandishi kwa hadithi ya Cinderella

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakwepi kozi ya uandishi. Awe amekuja kusomea uuguzi, uhasibu au uhandisi, ataandika insha, zitasahihishwa, na ataziandika upya. Desturi hii ina umri mkubwa. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwapima waombaji kwa insha fupi mwaka 1874, nao walitakiwa kuandika juu ya kazi za Shakespeare na waandishi wengine wanaoheshimika. Mwaka 1885 kikaweka kozi ya uandishi kwa wanafunzi wapya, na vyuo vingine vikafuata. Hata hivyo, namna ya kumfundisha kuandika mtu aliyekwisha kumaliza sekondari ni jambo ambalo walimu wanalibishania hadi leo.

Njia mojawapo inayotumiwa na baadhi ya walimu huwashtua watu wanapoisikia kwa mara ya kwanza. Sehemu moja ya kipindi wanafunzi wanafanya mazoezi ya sarufi, sehemu nyingine wanachambua ngano: Cinderella, binti mwenye kofia nyekundu na mbwamwitu, paka aliyevaa buti. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza kama hayo si mambo ya shule ya msingi. Mimi naamini ni njia nzuri sana, kwa sharti kwamba sarufi na ngano vifanye kazi moja. Vikitengana, kila kimoja kina udhaifu wake, na udhaifu wa sarufi ndio uliochunguzwa zaidi.

Mwaka 1963, Richard Braddock na wenzake wawili walichapisha ripoti iliyopitia tafiti za ufundishaji wa uandishi nchini Marekani. Hitimisho lao lilikuwa kali: kufundisha sarufi kama somo la pekee hakuna faida ya maana katika uandishi wa wanafunzi, na huenda kukadhuru, kwa sababu kunakula muda ambao wangeutumia kuandika. Tathmini ya Steve Graham na Dolores Perin ya mwaka 2007, iliyojumlisha tafiti nyingi za wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, ilifika karibu na hapo hapo. Sarufi iliyofundishwa peke yake ilipata kipimo cha athari (namba inayoonyesha njia ya kufundisha imeinua au imeshusha uandishi kwa kiasi gani) kilicho chini ya sifuri, -0.32.

Wengi waliosoma matokeo hayo walifunga mjadala: sarufi itupwe. Lakini tathmini hiyo hiyo ya 2007 ilikuta aina nyingine ya zoezi la sentensi ikipata 0.50, na hicho si kipimo kidogo hata kidogo. Zoezi lenyewe ni kuunganisha sentensi. Mwanafunzi hapewi sentensi apigie mstari kiima na kiarifu. Anapewa sentensi fupi kadhaa azijenge kuwa moja au mbili, kisha aeleze kwa nini amezijenga hivyo. Frank O'Hare alilipima kwa wanafunzi wa darasa la 7 na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Mwaka 1978 Donald Daiker, Andrew Kerek na Max Morenberg wa Chuo Kikuu cha Miami, kilichoko Ohio, wakatoa matokeo ya wanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza: waliofanya zoezi hilo waliandika insha zilizosifiwa zaidi kuliko wenzao waliofuata kozi ya kawaida. Pamoja na hayo, miaka ya 1980 zoezi likaanza kutoweka vyuoni. Mwanahistoria wa fani hii, Robert Connors, aliandika mwaka 2000 akisikitika kwamba sentensi ilifutwa madarasani ingawa hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa mazoezi yake yalishindwa.

Tulifanye zoezi lenyewe, kwa Kiswahili, tuone linavyofanya kazi. Hizi ni sentensi sahili nne juu ya Cinderella wa Charles Perrault, Mfaransa aliyechapisha hadithi yake mwaka 1697:

Dada wa kambo wanamtesa Cinderella.
Cinderella anaolewa na mwana wa mfalme.
Cinderella anawasamehe dada zake.
Cinderella anawaozesha kwa wakuu wa ikulu.

Mwanafunzi mmoja anaweza kuandika hivi: "Ingawa dada zake wa kambo walimtesa, Cinderella anapoolewa na mwana wa mfalme anawasamehe na kuwaozesha kwa wakuu wa ikulu." Mwingine aandike: "Dada waliomtesa Cinderella ndio hao hao anaowaozesha kwa wakuu wa ikulu." Sentensi zote mbili ni sahihi. Habari ni ile ile. Lakini ya kwanza imeyaweka mateso kwenye kishazi tegemezi, kile kipande cha sentensi kisichoweza kusimama peke yake, yaani imeyapeleka nyuma, na mbele ikabaki huruma ya Cinderella. Ya pili imeyaingiza mateso ndani ya jina lenyewe la watu hao, kwa kiambishi rejeshi (ile -o- ya "waliomtesa"), kiasi kwamba msomaji hawezi kuisikia habari ya ndoa bila kukumbuka walichofanya. Aliyeandika ya kwanza anamsifu Cinderella. Aliyeandika ya pili analalamika, na pengine anamlalamikia Perrault mwenyewe.

Hapo ndipo sarufi inapogeuka kuwa fikra. Mwalimu hana haja ya kuuliza ipi ni sahihi. Anauliza wewe unataka kusema ipi. Mwanafunzi aliyezoea kuiona sarufi kama orodha ya makosa anagundua kwamba kishazi tegemezi ni mahali pa kuweka jambo unalolikubali ili upate nafasi ya kusema lile unaloliamini. Nadhani hakuna somo la uandishi wa kitaaluma lenye faida kuliko hilo. Insha nyingi za chuo, ukizichuja, ni "ingawa fulani, hata hivyo fulani, kwa sababu fulani", na mwanafunzi asiyeweza kuijenga sentensi ya namna hiyo hataweza kuiwaza insha yake.

Sasa ngano zinaingiaje? Sababu ya kwanza ni nyepesi: ni fupi, na wanafunzi wengi wa huko wanazijua kabla hawajafika darasani. Mwanafunzi anayesoma makala ngumu ya falsafa huku akijifunza kuandika anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na kwa kawaida unaoanguka ni uandishi. Kwenye Cinderella, kuelewa hadithi hakumchoshi. Nguvu yake yote inabaki kwa hoja.

Sababu ya pili ndiyo yenye uzito. Ngano haina nakala moja. Marian Roalfe Cox alikusanya visa 345 vya jamaa ya Cinderella na kuvichapisha mwaka 1893. Uchina kuna kisa cha Ye Xian, kilichoandikwa katika karne ya 9 na Duan Chengshi, ambamo msaada unatoka kwenye mifupa ya samaki. Kwa Perrault kiatu ni cha kioo na msaada unatoka kwa mama wa ubatizo mwenye uchawi. Kwa Wajerumani Jacob na Wilhelm Grimm kiatu ni cha dhahabu, mama wa ubatizo hayupo, na msaada unatoka kwenye mti uliopandwa juu ya kaburi la mama mzazi. Dada mmoja anakata kidole cha mguu, mwingine anakata kisigino, kiatu kipate kuingia; na mwishoni, katika toleo lao la 1857, njiwa wanawatoboa macho. Mwanafunzi akiwekewa Perrault na Grimm mezani, hawezi tena kusimulia tu. Muhtasari wa hadithi, ambao ndio ugonjwa mkubwa wa insha za mwaka wa kwanza, unamfia mkononi, kwa sababu lazima aulize muhtasari wa ipi. Na tofauti anazoziona zinadai maelezo: kwa nini huyu anasamehe na yule anaadhibiwa?

Sarufi inarudi hapa, safari hii ikiwa chombo cha kusomea. Lipo zoezi ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mwanafunzi aorodheshe kila kitenzi ambacho kiima chake ni Cinderella, kisha aangalie ni kitenzi cha namna gani. Kiswahili kinaliweka jambo hili wazi kwa sababu kauli zetu zimo ndani ya kitenzi chenyewe. Alivaa, alivishwa, alijivisha: watu watatu tofauti katika nguo moja. Kwa Perrault, Cinderella anasukwasukwa na wengine kwa muda mrefu. Anaamrishwa, analia, anaulizwa, anavishwa, anapelekwa. Kwa Grimm, anaomba tawi, analipanda, analimwagilia kwa machozi yake, anaenda kaburini kila siku, anawaita ndege wamchambulie dengu kwenye majivu, anakimbia, anaruka ndani ya kibanda cha njiwa, anapanda mti wa mpeasi.

Wanafunzi wengi hufika darasani na hoja tayari, aghalabu wameitoa kwenye filamu ya Disney ya mwaka 1950: Cinderella ni msichana dhaifu anayengoja kuokolewa. Wakiandika haraka, aya yao huwa hivi: "Cinderella ni dhaifu. Anamngoja mtu amsaidie. Hii inaonyesha kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na nguvu." Sentensi tatu zimepangwa moja baada ya nyingine bila kushikana, na neno "hii" halijulikani linashika nini. Mwalimu akimrudisha kwenye orodha ya vitenzi vya Perrault, atakutana na mambo mawili yanayomsumbua. Mama wa ubatizo anapokwama kumpata mwendesha gari la farasi, ni Cinderella anayesema aende akaangalie kama kuna panya kwenye mtego, wamgeuze awe mwendeshaji. Na mjumbe wa ikulu anapoleta kiatu nyumbani, ni Cinderella anayeomba, huku akicheka, naye akijaribu; kikishamwingia anatoa mfukoni kile cha pili.

Aya iliyoandikwa upya inaweza kuwa hivi: "Ingawa uchawi wote ni wa mama yake wa ubatizo, Cinderella wa Perrault si mtu wa kungoja tu. Anayependekeza panya awe mwendesha gari ni yeye. Anayeomba kujaribu kiatu ni yeye. Nguvu aliyonyimwa ni ya kuanzisha mambo, si ya kuyamalizia." Tazama kilichobadilika. "Ingawa" imekubali sehemu ya hoja ya zamani bila kuikubali yote. Urejeshi wa "anayependekeza" na "anayeomba" umemweka mtendaji mahali pa mkazo. Na sentensi ya mwisho ina dai ambalo mtu mwingine anaweza kulipinga akiwa na kitabu mkononi, na bila dai la namna hiyo hakuna insha.

Vladimir Propp, Mrusi, alilifanya jambo linalofanana na hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1928, baada ya kuchambua ngano 100 za Kirusi, alionyesha kwamba watu hubadilika lakini matendo hubaki. Mfalme anampa shujaa tai anayembeba hadi nchi nyingine; mzee anampa mwingine farasi, naye anambeba vivyo hivyo. Kiima kimebadilika, kitendo ni kile kile. Propp alihesabu matendo 31. Sioni haja ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuyakariri, lakini wazo lenyewe linamsaidia kutofautisha kilicho cha hadithi zote na kilicho cha hadithi hii tu.

Tofauti hiyo imewakwaza hata wasomi wakubwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Erich Fromm alifasiri kisa cha binti mwenye kofia nyekundu akiegemea kofia yenyewe, onyo la mama kwamba asiache njia, na chupa ambayo binti asiivunje. Mwaka 1984 mwanahistoria Robert Darnton akajibu kwamba vitu hivyo havimo katika kisa walichokuwa wakisimuliana wakulima wa Ufaransa. Onyo na chupa unavikuta kwa Grimm. Hata kwa Perrault havipo, na kwake binti analiwa na hadithi inaishia hapo, bila mwindaji wa kumtoa tumboni. Fromm alijenga nyumba nzima ya hoja juu ya toleo moja. Darasani kosa hili linazuilika kwa kanuni moja tu: swali la insha litaje mwandishi na mwaka wa toleo. Ndugu hao Grimm wenyewe walibadilisha hadithi zao toleo hadi toleo. Katika toleo la 1812 anayetaka Hänsel na Gretel waachwe msituni ni mama yao mzazi. Kufikia toleo la 1840 amekuwa mama wa kambo. Mwanafunzi anayeandika "katika hadithi ya Grimm, mama…" bila kutaja toleo hajasema kitu kinachoweza kuhakikiwa. Kanuni hii inasaidia pia siku hizi ambapo insha ya jumla juu ya Cinderella inapatikana kwa kubonyeza kitufe. Insha inayolinganisha vitenzi vya kurasa mbili maalum inamlazimu mtu afungue kurasa hizo.

Kuna jambo la makosa, nalo linamgusa sana msomaji wa Kiswahili. Mwaka 1970 vyuo vya umma vya jiji la New York vilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari, na maelfu ya vijana wakaingia ambao hawakuwahi kufundishwa kuandika insha. Mina Shaughnessy, aliyekuwa mwalimu huko, alisoma karibu insha 4,000 za majaribio na mwaka 1977 akachapisha matokeo yake. Alionyesha kwamba makosa yao hayakuwa uzembe. Kila kosa lilikuwa na mantiki, na mwalimu akiijua mantiki hiyo anaweza kulifundisha.

Mchukue kijana aliyekulia kwenye Kiswahili, kutoka Kongo au Tanzania, ambaye sasa anasoma chuo Marekani na anaandika ngano kwa Kiingereza. Makosa mawili atayafanya karibu kwa hakika. Atamwita Cinderella kwa kiwakilishi cha mwanamume, kisha cha mwanamke, kisha cha mwanamume tena, kwa sababu neno "yeye" la Kiswahili halina jinsia na kiambishi a- hakimuulizi msemaji swali hilo. Na atapanga vishazi huru kwa mkato tu, kimoja baada ya kingine, hadi aya iishe. Hilo la pili mwalimu wa Kiingereza huliona kama kutojua mwisho wa sentensi. Sivyo. Ngano za Kiswahili zinatembea kwa -ka-: akaondoka, akafika, akabisha hodi, akakaribishwa. Kiambishi hicho chenyewe ndicho kiunganishi, na mkato unatosha. Kijana huyu ameihamisha sarufi nzuri ya masimulizi hadi kwenye lugha ambayo mkato peke yake hauruhusiwi kubeba kazi hiyo. Ukimwandikia "kosa" kwa wino mwekundu mara kumi na mbili, atajifunza kuiogopa karatasi. Ukimwonyesha -ka- inafanya nini na Kiingereza kinatumia nini badala yake, atalielewa jambo hilo mapema zaidi, na atakuwa ameheshimiwa.

Nisisitize pia kwamba mazoezi ya kuunganisha sentensi yana hatari yake. Mwanafunzi anaweza kudhani sentensi ndefu ndiyo bora, akamrundikia msomaji vishazi hadi akose pumzi. Dawa ni kuligeuza zoezi: apewe sentensi moja ndefu mno aivunje, aamue ipi ibaki fupi na isimame peke yake. Katika ile aya iliyoandikwa upya kuhusu Cinderella, sentensi ya mwisho ina nguvu kwa sababu ni fupi na inasimama peke yake.

Na si lazima ngano zote zitoke Ulaya. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London hadithi alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Masikini anayechakura jaani akitafuta punje za mtama anamnunua paa kwa sarafu aliyoiokota. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti, anaua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Ni jamaa wa karibu kabisa wa paka wa Perrault aliyevaa buti, ambaye naye kwa hila na maneno anamtajirisha kijana wa msaga unga. Lakini miisho imeachana. Paka wa Perrault anakuwa mkuu wa heshima na kukamata panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua, bwana wake anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, anakufa, anatupwa kisimani. Na yule bwana anajikuta tena jaani akichakura.

Darasa lolote la uandishi, liwe Ohio au Dar es Salaam, linaweza kuzitumia hadithi hizi mbili kwa wiki kadhaa. Orodha ya vitenzi peke yake ina utajiri: katika sehemu kubwa ya hadithi zote mbili bwana hatendi, anatendewa, anaogeshwa, anavishwa, anaozwa. Kwa Unguja, bwana anapoanza kutoa amri kwa hiari yake, amri hizo ndizo zinazomwangamiza. Kwa Perrault wakati huo haufiki kamwe. Swali la insha likiwa "Je, hadithi hizi mbili zinakubaliana juu ya deni la aliyeinuliwa kwa yule aliyemwinua?", mwanafunzi atahitaji ingawa, ilhali, na kwa sababu, na atahitaji kuchagua kati ya "paa alitupwa" na "bwana alimtupa paa". Chaguo hilo la mwisho liwe na alama zake kwenye karatasi ya kusahihishia, sambamba na hoja na ushahidi.